Shajara ya maua ya harusi: siku 33 za kusaka asumini

Jumapili, 4 Januari. Zimebaki siku 33

Nimekabidhiwa maua. Kikao cha familia kilikwisha baada ya adhuhuri: ami kachukua ukumbi na chakula, mama mdogo nguo, kaka usafiri. Mimi nilikuwa jikoni napakua biriani majina yakigawiwa, na niliporudi na sinia nikakuta maua ni yangu. Anayeolewa ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Harusi ni Ijumaa tarehe 6 Februari, hapahapa Unguja mjini: nikaha msikitini baada ya alasiri, shughuli ya wanawake ukumbini usiku, bi harusi kutolewa saa 3. Itakuwa Shaaban, Ramadhani iko mlangoni, kwa hiyo mji mzima una harusi.

Kazini mimi ni mtunza bohari, na kwangu kitu kisichoandikwa hakijaingia wala hakijatoka. Ndiyo sababu ya shajara hii. Fungu la maua ni shilingi 1,000,000. Nikizidisha natoa mfukoni kwangu. Nikibakisha, mama kasema inarudi kwenye mchele.

Bi harusi ana picha kwenye simu. Ukumbi wa watu, dari lote limejaa waridi jeupe, limeshuka mpaka juu ya kiti kama chandarua. Kampa bibi aangalie. Bibi kaitazama sana, kaisogeza, kairudisha simu.

"Zuri. Linanukia nini?"

Hakuna aliyejibu. Bibi yetu alifunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia vinavyobanwa nguoni kwa pini, vya harusi za mtaa huu kwa miaka mingi kabla baridi yabisi haijamshika vidole, kwa hiyo akiuliza hivyo hafanyi mzaha.

Jioni nimefanya kazi yangu ya kwanza. Nimesoma kwamba asumini hutoa maua kwenye vitawi vichanga, ukiupogoa mti unachipua upya na maua yanakuja kwa wingi. Nimeukata mti wetu wa uani, nusu tu, upande wa chooni. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka. "Hilo lilikuwa la mwezi wa kumi na mbili," akasema, baada ya mimi kumaliza.

Jumatano, 7 Januari

Nimekwenda kwa mpambaji. Maua yake yote ya plastiki, yametoka China, yako kwenye viroba mpaka darini. Siku niliyofika walikuwa wameyafua: waridi, majani, vishada vya kuning'inia, yote yameanikwa kwenye kamba ya nguo na yanachuruzika maji ya sabuni. Nimenusa moja. Sabuni ya Foma.

Bei zake: ukumbi mzima kwa plastiki, 700,000. Kwa waridi la kweli, 2,200,000, na hapo hajahesabu usafiri. Nilipomuuliza kwa nini watu wachache wanataka la kweli, alinijibu bila kuacha kukamua: "Dada, siku hizi watu hawanusi. Watu wanapiga picha."

Nimeliandika hilo neno kama lilivyo kwa sababu sijapata la kumjibu.

Jumamosi, 10 Januari

Jaribio la asumini. Mti umetoa vitumba 160 leo (upande usiokatwa karibu wote, upande niliokata ni vijiti). Nimevigawa mafungu manne ya 40, kila fungu limechumwa saa yake, vikawekwa juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya ungo. Saa 3 usiku nimehesabu vilivyofunguka.

Vya saa 9 alasiri: 21. Vilivyobaki vimekaa vigumu mpaka asubuhi.
Vya saa 10: 36.
Vya saa 11: 38.
Vya saa 12 jioni: vyote 40, lakini vilikuwa vimeshaanza kuachia midomo nilipovichuma. Bibi alivijaribu kwa sindano, katika kumi akatupa sita, petali zinachanika.

Kwa hiyo saa 10 mpaka 11. Na si kila kitumba. Kitakachofunguka usiku huu ni cheupe mpaka shingoni na kimevimba, ukikibonyeza kidogo kinanesa. Chenye ukijani kwenye ncha kimebakisha siku, na ukishakichuma kimekufa hivyohivyo, hakifunguki tena. Watoto ndio watakaochuma, kwa hiyo hili ndilo somo la kuwafundisha.

Bibi hakuona haja ya jaribio. "Ungeniuliza." Nilimuuliza baadaye saa ngapi. Akasema, "Jua likifika kwenye kile kizingiti." Nimekwenda kutazama: saa 10 na robo.

Jumapili, 11 Januari

Hesabu. Koja la shingoni la bi harusi, vitumba 180. Nyuzi mbili za nywele, 120 kila mmoja. Vikuba 40 kwa wanawake wa karibu, 25 kila kimoja, ni 1,000. Kitanda cha maharusi: bibi hakubali chini ya vikombe vinne, na kikombe chetu cha chai kinaingia vitumba 150, ni 600. Jumla 2,020. Nikiongeza robo kwa vitakavyochanika, vitakavyokaa vigumu na watakavyoiba wasichana, ni 2,525.

Mti mmoja mzuri, 160 kwa jioni. Nahitaji miti 16, na yote ichumwe jioni moja. Asumini ya jana haina kazi: alfajiri imeshakuwa ya manjano na imelala. Maisha yangu yote ya kazi ni kuweka akiba, na sasa nimepewa mali isiyokubali kuwekwa hata siku moja.

Nimejaribu friji pia. Vitumba vilivyokaa chini kabisa vimechelewa kufunguka kama saa moja na nusu, havikudhurika. Vilivyosogea karibu na barafu vimepata rangi ya chai. Njia iliyofaa ni deli, lile kasha la kutunzia baridi: barafu chini, ungo juu yake, vitumba juu ya ungo ndani ya jani la mgomba, visiguse barafu.

Jumatatu, 12 Januari. Sikukuu ya Mapinduzi

Kazi hakuna, kwa hiyo mama na mimi tumezunguka nyumba kwa nyumba. Asumini ya jirani hainunuliwi, huombwa. Huingii tu na kusema shida yako. Unaulizwa habari za wagonjwa, unakunywa chai, unaambiwa mwana wa fulani karudi kutoka Muscat, ndipo mama mwenye nyumba anasema mwenyewe, "Na maua mmepata?" Hapo ndipo mama yangu anashusha pumzi kama vile ndiyo kwanza akumbuke.

Tumepata miti 17 kwa nyumba 13, ukihesabu na wetu. Kila nyumba nimeiandika: miti mingapi, nani atafungua mlango saa 10, mbwa yupo au hayupo. Tutawarudishia haluwa.

Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma ametupa asumini na waridi la uani pia, lile dogo la rangi ya pinki, la petali nyingi, ambalo likikaa kwenye kikombe chumba kizima kinajua. Alisema anataka kuliona kifuani kwa bi harusi, si kwenye sahani.

Jumamosi, 17 Januari

Waridi jeupe. Bi harusi hajaacha picha yake, nami sijamwambia hapana. Nimepigia muuzaji wa Arusha ambaye jamaa wa kazini ananunua kwake. Bunda la miche 20 (ua na kijiti chake), urefu wa sentimita 50: mpaka mwisho wa Januari 12,000. Wiki ya kwanza ya Februari 20,000.

Nilidhani ananionea. Hapana, ni kalenda. Tarehe 14 Februari Ulaya wanapeana waridi jekundu, na mashamba ya Arusha na ya Kenya kule Naivasha yanapanga mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Kuanzia mwisho wa Januari maua yanakimbizwa uwanja wa ndege, mengi ya Arusha yakivuka mpaka wa Namanga kwa lori kwenda kupandia ndege Nairobi, na sisi wa nyumbani tunabakiwa na masalio kwa bei ya mnada. Nikamwambia mimi nataka jeupe. Akacheka: "Mama, chumba cha baridi hakiulizi rangi, na lori vilevile."

Jambo jingine alilonieleza kwa uungwana, nami sikulijua. Waridi la biashara huzalishwa kwa ajili ya safari: mche mrefu, kichwa kigumu, siku nyingi ndani ya maji. Harufu imeachwa njiani, kwa sababu mara nyingi waridi linalonukia sana halikai. Kwa hiyo nitalipa 20,000 kwa bunda la maua yasiyonukia. Bibi hajaambiwa.

Alhamisi, 22 Januari

Nimenunua waridi sita dukani hapa mjini kujaribu. Ndoo, maji, chumba cha uani, madirisha wazi, joto la kaskazi. Siku ya pili yamefunguka yote. Siku ya tatu petali sakafuni. Ya Arusha yatafika siku moja kabla ya harusi, si zaidi.

Jumamosi, 24 Januari

Langilangi. Niliagiza maua yake kwa mwenye shamba moja la viungo upande wa Kizimbani, mfuko mmoja wa majaribio. Umekuja mzuri, umejaa, wa kijani. Bibi kafungua, kanusa, kafunga.

Aliyetuokoa ni jirani yetu mwenye asili ya Ngazija, kisiwa cha Komoro. Komoro ni miongoni mwa nchi zinazotoa mafuta mengi ya langilangi duniani, yanakwenda kuingia kwenye manukato ya Wafaransa, na mama yake alikuwa mchumaji. Kaukamata mkono wangu na ua moja ndani yake, akanionyesha. Ua changa ni la kijani, petali zake ndefu zimejikunja kama vidole vya mtoto aliyelala, na halina kitu. Linakaa hivyo mtini siku nyingi, linageuka manjano polepole. Ukilifunua pale petali zinapoanzia, ndani kabisa, ukiona doa jekundu, hilo ndilo limeiva. Na huchumwa alfajiri, kabla jua halijaanza kuifukuza harufu.

Sasa nina tatizo la saa. Langilangi alfajiri, asumini alasiri, bi harusi saa 3 usiku. Langilangi itabidi ikae saa 15 ndani ya kitambaa kibichi. Tumejaribu na machache yaliyoiva kwenye ule mfuko: imepungua kidogo, lakini ni maua ambayo yakipungua ndiyo yanakaribika. Yakiwa mapya karibu na uso yanaumiza kichwa.

Jumatano, 28 Januari

Siku ya machozi. Bi harusi kasikia kutoka kwa mama mdogo kwamba dari halitakuwa na waridi la kweli. Kafunga mlango. Nimekaa nje ya mlango dakika arubaini nikizungumza na kitasa.

Kisha nikakumbuka kazi. Nikamchukua, tukaenda ukumbini na mpambaji, tukiwa na waridi moja la kweli na moja la plastiki, yote meupe. Nikamkalisha mahali pa safu ya kwanza ya wageni. Kutoka hapo mpaka jukwaani ni hatua sita. Nikashika moja mkono huu na moja mkono ule. "Lipi la kweli?" Akataja. Nikabadilisha nyuma ya mgongo, akataja tena. Mara nane tumefanya, kapatia nne. Ni sawa na kurusha shilingi.

Nikamsogelea mpaka nikawa hatua moja. Mara nane kapatia zote, na hakuhitaji hata kuangalia vizuri, kwa sababu la plastiki linang'aa kwenye mshono.

Tumekubaliana hivi, na mpambaji kashuhudia: kinachofikiwa na mkono kiwe cha Mungu, kisichofikiwa kiwe cha mpambaji. Dari na nyuma ya jukwaa plastiki. Shada la mkononi, vyungu viwili kando ya kiti, nywele, shingo, vikuba, kitanda, vyote maua mabichi. Kwa kuwa nimeondoa vyungu vya mezani na njia ya kuingilia, mpambaji kashuka mpaka 450,000. Waridi la Arusha linatosha mabunda sita, miche 120.

Bi harusi kauliza swali moja tu: "Na wageni waliokaa nyuma, watapata nini?" Wageni ni kama 250, vikuba 40. Bado sina jibu.

Ijumaa, 30 Januari

Jibu limetoka kwa bibi: mlangoni kila mgeni apewe kitawi cha rihani na ua moja la langilangi, limefungwa kwa uzi. Hakuna kutunga, hakuna sindano. Rihani ni rahisi kuliko vyote, ukiikata na kuiweka kwenye maji inangoja hata siku mbili bila kununa.

Mkadi tumeshaagiza. Ni mti wa miiba, majani yake yanakata kama msumeno, na ua la mti dume lina maganda meupe laini yanayonukia mpaka yakikauka. Bibi bado ana vipande kwenye sanduku lake la kanga, vimekuwa kama karatasi, na ukifungua sanduku vinakuwahi.

Jumapili, 1 Februari. Zimebaki siku 5

Pigo. Mtaa wa pili wana harusi Ijumaa hiyohiyo, na bwana harusi wao ni mpwa wa nyumba tatu kati ya zangu. Damu nzito. Nimepoteza miti minne kwa siku moja. Imebaki 13, na wetu ndani yake umeshuka mpaka 90 tu, kwa kosa langu la mkasi. Jumla ninayoweza kupata: 2,010.

Nimepunguza. Vikuba kutoka 40 mpaka 32. Kitanda vikombe viwili vya asumini badala ya vinne, kilichobaki langilangi. Mahitaji mapya ni 1,520, na robo ya ziada ni 1,900. Inaingia, kwa shida.

Orodha ya wanawake 32 nimempa mama aiandike yeye. Sitaki kujua nani kaachwa.

Alhamisi, 5 Februari

Boksi la waridi limefika kwa boti ya mchana. Liliondoka Arusha jana jioni kwa basi, likalala njiani usiku kucha, likafika Dar es Salaam alfajiri. Nilipolipokea bandarini nilisikia harufu nzuri, nikafurahi, nikasema kumbe yananukia. Nimefungua nyumbani: ndizi. Lilikuwa limelazwa kwenye buti la basi pamoja na mikungu ya ndizi za Moshi zilizoiva. Tunda linaloiva hutoa hewa ya ethilini, hewa ileile inayoivisha ndizi mwenzake, na ua likiivuta linazeeka usiku mmoja. Vichwa vimeinama, majani manjano, petali zimejaa chini ya boksi.

Bibi kasogea, kanusa. "Alhamdulillahi. Yamepata harufu."

Katika 120 yamebaki 71 ya kusimama mbele za watu. Nimekimbia mjini, nimenunua 40 kwa 70,000. Mengine tumeyatibu: majani yote ya chini yameondolewa, miche imekatwa mshazari kwa kisu kikali ikiwa ndani ya maji ili isivute hewa, zile petali mbili tatu za nje zilizochubuka zimebanduliwa, kisha ndoo ndefu, maji mpaka shingoni, kijiko cha sukari na matone ya dawa ya kufanya nguo nyeupe. Yako chumba cha bibi, ndicho chenye giza na baridi. Bibi analala kwa mama usiku huu na kasema hajawahi kufukuzwa na maua.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika saa 8 usiku, miguu ndani ya beseni.

Langilangi ilifika alfajiri, ya manjano, doa jekundu kila ua nililofunua. Mkadi na rihani tayari. Saa 4 asubuhi dada wa mpambaji kaja kufunga shada la mkononi: waridi 24, kwa sababu bi harusi ana mkono mdogo. Mimi nilitaka 30.

Saa 10 watoto 14 wametawanyika na vikombe. Nimewaambia: cheupe mpaka shingoni, kinanesa, msichume cha kijani, msiweke mfukoni. Saa 11 walirudi. Vikombe 12 na nusu, kwa hesabu yangu 1,875. Pungufu 25 kwa ile ya akiba. Nimekubali.

Sikuhesabu sisimizi. Asumini ina utamu ndani na sisimizi wanaujua kabla yetu. Tumemwaga vikombe vyote juu ya shuka jeupe uani, tumevipepeta kwa ungo kama mchele, wakakimbia kwa mamia. Nilidhani tumewamaliza.

Kisha mkeka, wanawake tisa, sindano, uzi mweupe. Koja la shingoni alilitunga bibi mwenyewe. Vidole vimepinda, sindano anaishika kwa kidole gumba na cha kati, lakini hakukosa shingo ya kitumba hata mara moja. Alimaliza kwa nusu saa na dakika chache. Mimi uzi mmoja wa nywele ulinichukua saa nzima.

Vikuba alitusimamia kwa mdomo. Ncha tatu za rihani, ziwe kitanda. Ukanda wa mkadi, ukunje mara mbili, uufiche katikati. Petali mbili za langilangi zisimame. Asumini ishike pembeni, duara. Petali moja ya waridi la uani itazame nje, "ndiyo mlango". Uzi mara tatu, kata mashina urefu wa fundo la kidole, pini. Cha kwanza nilichofunga alikifungua.

Saa 2 usiku kila kitu kilikuwa ndani ya deli, juu ya ungo. Shangazi yangu mwenye pumu nimemkalisha dirishani, mbali na chetezo, maana udi na asumini kwa pamoja vingemlaza.

Saa 3 na dakika 20 bi harusi katolewa. Koja lilikuwa limefunguka nusu, na joto la shingo likafungua lililobaki mbele ya macho yetu. Dari la mpambaji lilikuwa zuri, kila mtu kalipiga picha, na sikumsikia mtu akiuliza ni la nini. Lakini alipopita katikati ya viti niliona wanawake wa safu za nyuma wanageuka kabla hawajamwona.

Alipokaa jukwaani, macho chini kama inavyotakiwa, niliona unyusi wake wa kushoto unapanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Sisimizi, anatembea shingoni, chini ya koja. Bi harusi hajikuni mbele za watu 250. Alivumilia mpaka somo wake, yaani kungwi, alipojifanya anamtengeneza mtandio.

Mpambaji alinijia saa 5, akiwa anakunja waya zake. "Kimebaki kimoja?" Nilimpa changu.

Nilimuuliza bibi garini ameonaje. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. "Rihani ilizidi," akasema.

Jumamosi, 7 Februari

Hesabu ya mwisho. Mpambaji 450,000. Waridi la Arusha na usafiri wake 165,000, la mjini 70,000. Langilangi, mkadi na rihani 85,000. Haluwa ya nyumba tisa 90,000. Uzi, pini, barafu 22,000. Jumla 882,000. Imebaki 118,000, imekwenda kwenye mchele.

Ukiitazama vizuri, asumini, ambayo ndiyo tuliyohangaika nayo, imetugharimu haluwa tu.

Somo karudi asubuhi na shuka la kitanda. Asumini imekuwa ya kahawia, langilangi bado inanukia. Mama kalikung'utia chini ya mti wetu.

Jumapili, 15 Februari

Sikukusudia kuandika tena. Lakini jioni nimetoka uani kuanua nguo, na upande wa chooni, ule niliokata, umejaa. Kila kijiti kina vitawi vitatu vinne, kila kitawi kina vitumba, vyeupe mpaka shingoni. Wiki sita kamili tangu siku ya mkasi. Nimehesabu 230, nikaacha kabla sijamaliza.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono nimpe ungo. Nimechuma vikombe viwili, mama kavifunga kwenye jani la mgomba, na mtoto wa jirani katumwa avipeleke kwa mdogo wangu kabla ya magharibi, akiambiwa asivitie mfukoni.